Shamba la Yeremia na kodi ya nyumba

Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.

Natumaini umeamka salama. Na kama hukuamka salama, basi mazungumzo ya leo ni yako zaidi kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Nimepokea barua kutoka kwa msikilizaji mmoja wa Mbagala, jijini Dar es Salaam. Jina lake nalihifadhi. Ni baba wa watoto watatu. Alifanya kazi kiwandani kwa miaka 14, kisha akapunguzwa pamoja na wenzake. Kiinua mgongo alichopata kiliishia kwenye madeni kabla hakijakaa mfukoni. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo mmoja. Mkewe, katika kuhangaika, alichukua mkopo wa ile aina ambayo watu wa mjini wameipa jina la kausha damu, na sasa hakuna siku inayopita bila mkusanyaji wa marejesho kugonga mlango. Anasema ameomba, amefunga, na ametoa sadaka hata pale ambapo sadaka hiyo ilikuwa nauli ya mtoto. Halafu anauliza swali fupi. Anasema kila Jumapili anaambiwa awe na tumaini. Tumaini hilo ni kitu gani hasa, na mtu analifanyaje siku ya Jumatatu?

Swali hili limenikalia kichwani juma zima. Msikilizaji huyu hakuniomba fedha, wala hakuniomba nimwombee. Ameuliza maana ya neno, na ameuliza kama mtu anayetaka kulitumia. Nitajaribu kumjibu kadiri ninavyoelewa, nikijua kwamba wako mapadre na wachungaji wenye elimu kubwa kuliko yangu wanaonisikiliza.

Kwanza tukubaliane kwamba neno hili tumelichakaza. Kijana amesimama kwenye kibanda cha kubashiri mpira, mfukoni ana mkeka wa timu kumi, ukimwuliza atakuambia ana matumaini makubwa. Mtaa umeahidiwa bomba la maji wakati wa kampeni, na miaka minne baadaye watu bado wana matumaini. Mgonjwa amelala wodini, mgeni wake anatazama saa, anamwambia tumaini tu, kisha anaondoka. Kutamani tunakuita tumaini, kubahatisha tunakuita tumaini, hata kuaga tunakuita tumaini. Wako pia wanaochanganya tumaini na uvumilivu. Wahenga walisema subira yavuta heri, nami sina ugomvi nao. Lakini mtu anaweza kungoja huku moyoni amekwisha kukata tamaa kabisa, mfano wa abiria aliyebaki kituoni usiku baada ya basi la mwisho kupita, kwa kuwa tu hana pengine pa kwenda.

Katika Biblia tumaini lina sura nyingine. Mimi naliona waziwazi zaidi katika habari moja ambayo haihubiriwi mara nyingi, pengine kwa sababu inahusu fedha, mizani, hati na mashahidi, mambo ambayo watu huona ni ya ofisi ya serikali ya mtaa na si ya kanisani. Iko katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 32. Ni habari ya mtu aliyenunua shamba.

Ili uelewe uzito wake, tazama kwanza hali ilivyokuwa. Ni mwaka wa kumi wa utawala wa Sedekia, mfalme wa Yuda, yaani yapata mwaka 588 au 587 kabla ya Kristo. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji wa Yerusalemu. Chakula kinakwisha. Yeremia mwenyewe hayuko huru; amefungwa katika ukumbi wa walinzi, ndani ya nyumba ya mfalme, kwa sababu amesema wazi kwamba mji utatekwa. Huko kifungoni anapewa mkate mmoja kwa siku kutoka mtaa wa waokaji, mpaka siku mikate itakapokwisha mjini. Huyu ni mtu wa mgao, ndugu msikilizaji. Ukitaka kumfananisha na mtu wa leo, usimfananishe na askofu mwenye gari; mfananishe na mtu aliyeshika sahani kwenye foleni.

Sasa, katika hali hiyo, anamjia binamu yake, jina lake Hanameli, mwana wa Shalumu. Anamwambia, kuna shamba letu kule Anathothi, katika nchi ya Benyamini. Wewe ndiwe mwenye haki ya kulikomboa, basi linunue. Anathothi ni kijiji alichozaliwa Yeremia, kilometa zipatazo tano tu kutoka Yerusalemu. Na nchi yote iliyouzunguka mji ilikwisha kuingia mikononi mwa jeshi la Babeli. Kwa hiyo Hanameli anauza shamba ambalo mnunuzi hawezi kwenda hata kulikanyaga, na huenda siku hiyo mahema ya askari wa adui yalikuwa yamesimama katikati yake.

Wakazi wa jiji hili hawahitaji maelezo mengi hapo. Tunajua maana ya kuuziwa kiwanja chenye mgogoro. Angekuja kwako dalali na habari kama hiyo, ungemwita tapeli. Tena kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Watu wa Anathothi, yaani majirani na baadhi ya ndugu wa Yeremia, walikuwa wamewahi kula njama ya kumwua ili anyamaze. Kwa hiyo hata mapenzi ya kijiji hayakuwa sababu ya kutosha ya kutoa fedha.

Yeremia akanunua. Akapima shekeli 17 za fedha katika mizani, uzito unaokaribia gramu 200 kwa vipimo vyetu. Akaandika hati, akaita mashahidi wakatia sahihi, akaitia muhuri. Hati zilikuwa mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja iko wazi, kama ilivyokuwa desturi ya nyakati zile: ya wazi ni ya kusoma kila mtu, na iliyofungwa ni ya kutolewa siku ya ugomvi ili kuthibitisha kwamba hakuna aliyebadili neno. Kisha mbele ya watu wote waliokuwa wameketi pale ukumbini akamwagiza mwandishi wake, Baruku mwana wa Neria, azitie hati zote mbili katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Chombo cha udongo si mzaha. Zile hati za kale zilizogunduliwa karibu na Bahari ya Chumvi mwaka 1947 zilikutwa ndani ya mitungi ya udongo pangoni, zikiwa zimekaa humo yapata miaka 2,000.

Sababu ya ununuzi huo nabii aliitaja hadharani: ipo siku nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii. Hakusema adui ataondoka kesho. Kinyume chake, alikuwa akiendelea kusema kwamba mji utachomwa moto, na kweli ulichomwa muda mfupi baadaye, pamoja na hekalu lake. Katika kinywa kimoja mlikuwa na habari mbaya yote bila kupunguzwa, na risiti ya shamba.

Hapo ndipo ninapoanza kumjibu ndugu yangu wa Mbagala. Tumaini la Kikristo halianzi kwa kukana hali ilivyo. Anayekuambia usitamke kwamba huna kazi kwa kuwa utakuwa umejitabiria mabaya, huyo hakufundishi imani, anakufundisha kuogopa maneno. Tazama kitabu cha Zaburi: katika zaburi zote 150, aina iliyo nyingi kuliko nyingine ni ile ya watu wanaomlalamikia Mungu, wanaomwuliza mpaka lini. Walioweka nyimbo hizo katika kitabu cha sala hawakuona aibu.

Tena angalia mpangilio wa matendo ya Yeremia. Alilipa kwanza, akatia muhuri kwanza, kisha ndipo akaingia katika sala, na sala yenyewe imejaa mshangao. Anakumbuka matendo makuu ya Mungu tangu Misri, halafu anafika mwisho na kuuliza, kwa namna ya kusema, mbona umeniambia ninunue shamba na hali maboma ya adui yamefika ukutani? Fedha imekwisha kutoka, na maswali bado yapo. Hili limenifariji mara nyingi. Tunadhani mtu mwenye tumaini ni yule ambaye moyo wake umetulia kama maji ya mtungini, na sisi ambao usiku hatulali tunajihesabu kuwa tumeshindwa. Kumbe nabii alifanya tendo la tumaini huku akiwa bado haelewi.

Na jambo la tatu ni gumu zaidi. Yeremia hakulilima shamba lile. Baada ya mji kuanguka, watu waliobaki walimchukua wakaenda naye Misri, na Biblia haisemi kwamba alirudi. Alinunua kitu ambacho wengine ndio wangekifaidi. Kwa miaka hamsini hivi hati ile ilikuwa karatasi tu. Kisha Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliyeiteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo, akawaruhusu Wayahudi warudi kwao. Katika kitabu cha Ezra, sura ya pili, kuna orodha ndefu ya waliorudi, orodha ambayo wasomaji wengi huiruka kwa sababu ni majina na hesabu. Usiiruke. Katika mstari wa 23 imeandikwa idadi ya watu wa Anathothi waliorudi: 128.

Wakristo wa nyakati nyingine wameishika habari hiyo. Mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, Dietrich Bonhoeffer, alichumbia Januari 1943, katikati ya vita, na mwezi Aprili mwaka huo huo akakamatwa na serikali ya Hitler na kuwekwa katika gereza la Tegel, Berlin. Akiwa humo alimwandikia mchumba wake, Maria von Wedemeyer, akaueleza uchumba wao kwa shamba la Yeremia: kuahidiana ndoa wakati mabomu yanaanguka ni kununua shamba nchi ikiwa imezingirwa. Hawakuoana. Bonhoeffer alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945, majuma machache kabla vita havijakwisha Ulaya. Nalitaja hilo kwa makusudi, asije mtu akadhani nauza hadithi ambazo mwisho wake kila mtu anapata nyumba.

Maana wako wanaouza. Hapa inanibidi niseme jambo ambalo baadhi ya wasikilizaji watalichukia. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja wa mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Baada ya msiba ule nilisikia watu mjini wakiwacheka marehemu, wakiwaita wajinga. Mimi siwezi kuwacheka. Watu hawakimbilii mafuta kwa kupenda kukimbia. Aliyekwenda pale alikuwa na mtoto mgonjwa, au biashara iliyokufa, au ndoa iliyovunjika, na aliambiwa kwamba mlango uko pale na muda ni sasa. Ubaya wa soko hilo ni kwamba linamfundisha mtu kwamba tumaini liko mahali pengine, mbali na jikoni kwake, mbali na kazi yake na majirani zake, tena kwamba wa kwanza kufika ndiye atakayepata na wa nyuma atakosa. Yeremia hakumsukuma mtu yeyote ili anunue shamba. Alikaa palepale kifungoni, akapima fedha kwenye mizani mbele ya mashahidi.

Basi tumaini la Jumatatu linafananaje? Nitakueleza niliyoyaona katika mitaa yetu.

Nina jirani mjane anayekaanga vitumbua. Mumewe alifariki mwaka 2021, akaacha msingi wa nyumba huko Kongowe. Msingi tu, nyasi zimeota katikati. Mama huyu kila mwezi hununua tofali kumi. Si mia, ni kumi, na mwezi mbaya huwa tano. Mwenye kiwanda cha matofali alimwuliza kwa nini asingoje akusanye fedha anunue kwa pamoja apate na unafuu wa usafiri. Akamjibu kwamba fedha ikikaa ndani italiwa, lakini tofali haliliwi. Jibu ni la kiuchumi, na ni jibu zuri. Ila mimi nilipomwuliza mara nyingine, aliniambia kwamba kila akiweka tofali pale watoto wanajua kwamba baba yao hakufa na kila kitu. Sijui ni padre gani angeweza kuieleza sura ya 32 vizuri kuliko hivyo.

Yuko pia fundi mmoja wa redio na simu ambaye figo zimemwacha. Siku tatu kwa juma yuko hospitali kusafishwa damu, siku zilizobaki yuko kwenye meza yake. Mwaka jana, hali ikiwa mbaya, alichukua mwanafunzi. Kijana wa miaka 17, hana hata ada ya kujifunza ufundi. Watu walishangaa: mtu anayehesabu siku zake anaanza kumfundisha mtu kazi inayohitaji miaka miwili? Nenda ukawaone asubuhi. Mzee anashika lenzi, kijana anashika chuma cha kuchomelea risasi, na mkono wa kijana ukitetemeka mzee anamwambia aanze upya.

Haya si mambo makubwa. Hakuna gazeti litakaloyaweka ukurasa wa mbele, na pengine hata hili ninalojua litayachapa mazungumzo haya litayaweka ndani. Lakini kila moja ni tendo ambalo lina maana endapo tu kesho ipo, na endapo kesho hiyo haimo mikononi mwa mwenye nyumba wala mwa maradhi. Mkristo anaamini hivyo kwa sababu ya kaburi lililokutwa wazi asubuhi ya Jumapili. Mtume Paulo alisema waziwazi kwamba kama Kristo hakufufuka, basi imani yote ni bure. Hakuacha nafasi ya kusema kwamba tumaini ni jambo zuri tu la kumsaidia mtu asihuzunike.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, alipotaka kueleza imani ni nini, alitumia neno la Kigiriki, hipostasi, ambalo limewasumbua watafsiri mpaka leo. Zamani Misri ilikuwa imejaa maandishi ya mafunjo: barua, risiti, kesi za mashamba. Wataalamu walipoyasoma walilikuta neno hilo katika habari za mali na nyaraka za umiliki, na baadhi yao wakapendekeza kwamba yafaa kulitafsiri kuwa hati: imani ni hati ya kile kinachotumainiwa. Si wote wanaokubaliana. Mimi nalipenda pendekezo hilo kwa kuwa kila mpangaji wa mji huu anaijua tofauti kati ya mtu anayetamani kiwanja na mtu mwenye hati ambaye bado hajajenga. Wote wawili wanalala nyumba ya kupanga usiku huu. Lakini hawalali sawasawa.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu, kwa maana katika barua yake kuna mstari ambao sikuutaja mwanzoni. Anasema ameacha kwenda kwenye jumuiya. Sababu ni kwamba anaona haya. Pale kuna daftari la michango: mchango wa ujenzi, mchango wa mgonjwa, mchango wa kumkaribisha kiongozi, na majina husomwa. Jina lake limesomwa mara tatu likiwa halina kitu mbele yake. Mara ya nne hakuwapo.

Ndugu zangu viongozi wa jumuiya na wa makanisa, hapa tuambizane kweli. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokubaliana katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo zitakuwa njia ya Kanisa kuishi, walikusudia Wakristo wa nyumba za karibu wajuane kwa majina, wasome Neno na wabebane mizigo. Makanisa mengine nayo yana vikundi vyao vya namna hiyo mitaani. Daftari lilikuja baadaye. Mimi sipingi michango. Paa la kanisa halijengwi kwa nyimbo. Lakini jumuiya ambayo maskini anaikimbia kama anavyomkimbia mkusanyaji wa kausha damu, hiyo imegeuka kuwa mdai mwingine mlangoni. Na kusoma majina ya wasiotoa mbele ya watu ni ukatili, hata tukiufanya baada ya sala.

Yeremia alikuwa na haki ya kukomboa. Hili ni neno la sheria. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, imeagizwa kwamba ndugu akiwa maskini akauza sehemu ya milki yake, jamaa yake wa karibu aje kuikomboa. Kwa hiyo Hanameli hakuwa tapeli. Bila shaka alikuwa mtu aliyebanwa, aliyekuja kwa ndugu yake aliye kifungoni kwa sababu sheria ilimruhusu kuja. Tumaini la Yeremia lilikuwa pia njaa ya Hanameli kupata nafuu. Shekeli 17 zilitoka mkono mmoja zikaingia mwingine.

Mwaka juzi niliona jambo hili likifanyika Temeke. Mama mmoja alikuwa amekopa mahali pawili ili kulipa mahali pa kwanza, mchezo tunaoujua wote. Alipobanwa sana akasimama jumuiyani Alhamisi jioni akasema, huku analia, deni ni kiasi fulani. Wale watu hawakuwa na fedha za kulilipa. Lakini mwalimu mstaafu mmoja alikaa naye, wakaandika yote katika daftari, akagundua kwamba mama yule amekwisha kulipa zaidi ya alichokopa. Kesho yake watu watatu walikwenda naye kwa mkopeshaji, watatu wazima, wakaketi. Mkopeshaji aliyezoea kuzungumza na mwanamke mmoja mwenye hofu akajikuta anazungumza na mashahidi. Riba ilisimamishwa, na kilichobaki kikapangiwa miezi minane. Wanajumuiya wakashika zamu ya kununua maandazi yake kila asubuhi hata walio na wao jikoni. Deni lilikwisha.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mbagala, ushauri wangu ni huu, nawe uupime. Rudi jumuiyani, tena useme deni ni kiasi gani, kwa tarakimu. Nenda na daftari la marejesho ya mkeo, naye awepo, wala asilaumiwe mbele za watu, kwani alikopa kwa ajili ya nyumba yenu. Mwombe mtu mmoja mwenye hesabu akae nanyi. Kwa mwenye nyumba nenda kabla hajaja. Mwambie unaweza kulipa mwezi mmoja mmoja, na umwombe jirani anayeheshimiwa afuatane nawe. Ile nauli ya mtoto usiitoe tena sadaka. Mungu aliyeagiza wajane na yatima watunzwe hawezi kupendezwa na mtoto kutembea kwa miguu mpaka shule ili bahasha ijae. Na kama viongozi wa jumuiya yako watakusomea jina hata baada ya kusema haya, niandikie tena.

Halafu, katika hayo yote, tafuta tofali lako moja. Sijui litakuwa nini kwako. Umeandika kwamba kiwandani ulikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi na kwamba mwanao wa kwanza anapenda kufungua vitu na kuvirudisha. Labda ni hilo.

Barua nyingine mbili zimeuliza kama ni halali Mkristo kumpeleka mkopeshaji mahakamani. Nitazijibu juma lijalo saa hii hii, Mungu akitujalia.